Bodi au Lenzi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapiga Picha za Ndege Dar es Salaam

Maswali haya yanarudiwa kila mwezi na wanaopiga picha za ndege kuzunguka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (JNIA). Tumeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayowakuta waliokwisha kununua. Jibu likigusa swali jingine, namba imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Nina hela ya kitu kimoja tu. Ninunue bodi (mwili wa kamera bila lenzi) au lenzi?

Kama bado unatumia lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, nunua lenzi. Hapo hakuna mjadala, na hesabu yenyewe inaonyesha.

Chukua Airbus A220-300 ya Air Tanzania, yenye urefu wa mita 38.7, ikipita mita 500 kutoka uliposimama. Kamera ya APS-C (sensa, yaani kipokea mwanga, ya ukubwa wa kati) ya megapikseli 24 ikiwa na milimita 55 inaona upana wa mita 214 hivi. Ndege inachukua chini ya moja ya tano ya picha, kama pikseli 1,100 kutoka pua hadi mkia. Sasa acha lenzi ileile ya milimita 55, ununue bodi ya fulfremu (sensa kubwa zaidi) ya megapikseli 45. Ndege inapata pikseli kama 980. Umelipa mamilioni na ndege imepungua! Ukibaki na bodi ya zamani na kuweka lenzi ya milimita 300, ndege hiyohiyo inajaza fremu nzima.

Jibu hubadilika kwa mtu ambaye tayari ana lenzi nzuri ya 100-400 au zaidi. Huyo asome swali la 9.

2. Nitajuaje kama tatizo ni bodi, lenzi au mimi mwenyewe?

Hesabu picha zako mbovu. Wengi hununua kwa kuangalia picha tano nzuri za mtu mwingine, wakati jibu limo kwenye picha mia moja mbaya za kwao.

Chukua picha 100 zilizoharibika kutoka siku tatu tofauti, bila kuchagua. Zifungue kwenye kompyuta kwa ukubwa wa asilimia 100, kwa sababu kioo cha kamera kinaficha makosa. Kila picha iweke kwenye fungu moja:

- Ndege ni ndogo, na ukikata picha inabaki matofali. Tatizo ni urefu wa lenzi au umbali.
- Picha ni laini kila mahali na ina mstari wa zambarau kwenye kingo za mkia, lakini ukifunga tundu (mlango wa mwanga ndani ya lenzi; namba ya f ikikua tundu linapungua) hadi f/8 inakaa sawa. Tatizo ni lenzi.
- Ndege imefifia lakini uzio, mnazi au nyumba ya nyuma ni kali. Fokasi imekosa: huenda ni bodi, huenda ni mpangilio wako.
- Maandishi yamevutika upande mmoja kama rangi iliyopakwa na kidole. Shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ilikuwa taratibu, au mkono haukuifuata ndege.
- Mistari ya madirisha imejikunjakunja kama inaonekana kupitia maji. Ni mazigazi, na hakuna kifaa kinachoyatibu (swali la 12).
- Sekunde mbili za kwanza ziko sawa, halafu kamera ikagoma wakati magurudumu yanagusa lami. Ni bafa ya bodi (kumbukumbu ya muda ya picha) au kadi.
- Chenga (vinukta vinavyochafua picha) nyingi kwenye mwanga hafifu. Soma swali la 16.

Fungu kubwa ndilo linaloamua. Likiwa la shata au la mazigazi, hela yako ibaki mfukoni kwanza. Picha za fokasi iliyokosa usiihukumu bodi mpaka uhakikishe ulikuwa kwenye fokasi endelevu (AF-C kwa Nikon na Sony, AI Servo au Servo kwa Canon). Ukitumia ile ya kufunga mara moja, ndege imeshasogea kabla shata haijafunguka.

3. Kwa JNIA nahitaji milimita ngapi?

Tumia kanuni moja: upana unaoonekana ni upana wa sensa kwa milimita, mara umbali kwa mita, gawanya kwa milimita za lenzi. Sensa ya APS-C ina upana wa milimita 23.5 (Canon ni 22.3), fulfremu 36.

Kwa APS-C na lenzi ya 300, umbali wa mita 500 unakupa upana wa mita 39. Dash 8 Q400, yenye mita 32.8, inakaa vizuri na nafasi kidogo mbele ya pua. Boeing 787-8 ina mita 56.7, kwa hiyo unarudi hadi milimita 200. Taabu ipo kwenye Cessna Caravan, ambayo haifiki hata mita 13: pale pale mita 500, hata milimita 400 inakupa fremu ya mita 29, na ndege haichukui hata nusu.

Ndiyo maana tunauliza kwanza unapenda ndege zipi. Anayefuata ndege kubwa za Qatar, Emirates na KLM anatosheka na 70-300 kwenye APS-C. Anayependa Caravan za kwenda Zanzibar na mbugani anahitaji 400 kwenda juu.

4. Fulfremu si bora zaidi?

Kwenye giza, ndiyo. Kwenye jua la asubuhi ukiwa ISO 200 (wepesi mdogo wa sensa kwa mwanga) tofauti ni ndogo mno, na unapoteza urefu: lenzi ya 300 kwenye APS-C inaona eneo lilelile ambalo fulfremu ingehitaji 450 kuliona (480 kwa Canon). Kuhamia fulfremu bila kununua lenzi ndefu zaidi ni kurudi nyuma hatua moja.

5. Megapikseli ngapi zinatosha?

20 hadi 24 zinatosha kuchapisha A3 kama hukukata picha sana. Zaidi ya hapo unapata nafasi ya kukata, mradi lenzi na hewa viwe safi.

## Lenzi

6. Kuna 70-300, 100-400 na 150-600. Nianze na ipi?

Kwa anayeanza kwenye APS-C, 70-300 ya kisasa ndiyo ununuzi wenye akili zaidi. Canon EF 70-300 f/4-5.6 IS II ina kama gramu 710, na Nikon AF-P 70-300 f/4.5-5.6E ni mwenzake. Kwa bajeti ndogo zaidi, Canon EF-S 55-250 IS STM ina gramu 375 tu na ni kali kuliko bei yake. Jihadhari na 75-300 za zamani zisizo na kizuia mtikisiko: zinafika 300 kwenye karatasi, lakini kwenye milimita hizo picha inalainika.

Hatua ya pili ni 100-400. Sigma 100-400 f/5-6.3 Contemporary ina kilo moja na ushee, na mtu anaishika mkononi asubuhi nzima. Canon EF 100-400 II na RF 100-400 nazo zinaingia hapa. Hiyo ya RF ni nyepesi sana ila tundu lake ni f/8 kwenye milimita 400, hivyo ni lenzi ya jua.

150-600 na Nikon 200-500 zina kama kilo mbili kwenda juu. Zinapiga vizuri, lakini upande mfupi unakuponyoka: kwenye APS-C, milimita 200 kwa ndege inayopita mita 250 kichwani inaona mita 29 tu. 787 inakatwa mkia na pua. Mwenye 150-600 anahitaji na lenzi fupi begini, na kubadilisha lenzi kwenye vumbi la pembeni mwa barabara kunaingiza uchafu kwenye sensa.

7. Vipi nikiweka telekonvata (kikuzaji kinachokaa kati ya bodi na lenzi) kwenye lenzi niliyonayo?

Kwenye zumu ya f/5.6 au f/6.3, usifanye. Ya 1.4x inakula stopu moja (nusu ya mwanga) na ya 2x stopu mbili, kwa hiyo f/5.6 inakuwa f/8 au f/11. DSLR (kamera zenye kioo cha kuakisi ndani) nyingi haziwezi kufokasi tundu likiwa dogo kuliko f/5.6, chache huweza f/8 kwa nukta za katikati. Tena telekonvata nyingi haziingii kabisa kwenye lenzi za bei ya kawaida, kwani kioo chake cha mbele hugonga kioo cha nyuma cha lenzi. Usilazimishe. Telekonvata ni ya lenzi za f/2.8 na f/4.

8. Nimepata lenzi iliyotumika kwa bei nzuri Kariakoo. Itaingia kwenye kamera yangu?

Kuingia na kufanya kazi ni mambo mawili. Makosa yanayojirudia ni haya.

Nikon: lenzi za AF na AF-D hazina mota ndani. Kwenye D3000, D5000 na ndugu zao (D3500, D5600) itabidi ufokasi kwa mkono, na kwa ndege inayotua hilo ni gumu. Kwenye Z (kamera za Nikon zisizo na kioo cha kuakisi) kwa adapta ya FTZ nazo hazifokasi zenyewe. Upande mwingine, AF-P ni mpya mno kwa bodi za zamani kama D90 na D7000: inaingia lakini haifokasi.

Canon: EF-S haiingii kwenye DSLR za fulfremu. EF na EF-S zote zinafanya kazi kwenye kamera za R (za Canon zisizo na kioo cha kuakisi) kwa adapta ya EF kwenda RF, bila kupoteza fokasi. Kwa hiyo mwenye bodi ya zamani ya Canon anaweza kununua lenzi ya EF leo na kuhama nayo kesho. Lenzi ya RF haiwezi kurudi kwenye DSLR.

Nenda dukani na bodi yako na kadi yako. Ufungaji wa lenzi unaonyesha umbo tu. Fokasi unaijua kwa kuwasha.

## Bodi

9. Ni lini hasa bodi ndiyo jibu?

Lenzi yako ikiwa tayari nzuri, mkono umezoea, na mafungu mawili ya swali la 2 bado yanakua: fokasi iliyokosa na kamera iliyogoma.

Canon 2000D na 4000D zina nukta 9 za fokasi na picha 3 kwa sekunde. Ndege inayotua ina kasi ya kilomita 250 kwa saa hivi, yaani karibu mita 70 kila sekunde. Kati ya picha moja na nyingine imeshasogea zaidi ya mita 20, na ule moshi wa matairi yakigusa lami haudumu. Bodi ya picha 6 hadi 10 kwa sekunde inakupa nafasi halisi ya kuupata.

Huhitaji bodi mpya kabisa. Canon 80D (nukta 45, picha 7 kwa sekunde), 7D Mark II (nukta 65, picha 10), Nikon D7200 (nukta 51, picha 6) na D500 (nukta 153, picha 10) zote ni za kabla ya 2017 na bado zinafanya kazi hii kwa heshima. Kabla ya kuhama, jaribu kwanza kadi yenye kasi zaidi na kupiga JPEG badala ya RAW (faili ghafi, kubwa zaidi). Mara nyingine bafa inapona kwa hilo tu.

10. Kamera zinazotambua ndege zenyewe zina maana?

Zina maana, ila soma menyu vizuri, maana lugha yetu ina neno moja kwa viumbe viwili. Kamera inatenganisha ndege *huyu* wa manyoya na ndege *hii* ya abiria. Bodi nyingi zinatambua wa kwanza bila kuitambua ya pili. Canon R6 Mark II, Nikon Z8, Sony A7R V na A6700 zina chaguo la ndege za usafiri.

Faida inaonekana kwenye ndege inayokuja ikikuelekea, au inayopita nyuma ya miti na nyaya za umeme, ambako fokasi ya kawaida hurukia waya. Kwa ndege inayopita ubavuni angani penye weupe mtupu, hata nukta moja ya katikati ikiwekwa kwenye maandishi ya ubavu inatosha. Iweke kwenye maandishi au ukingo wa dirisha. Ukiiweka kwenye rangi nyeupe tupu, kamera haina cha kushika.

11. Mapanga ya pangaboi yamepinda kama ndizi. Lenzi mbovu?

Lenzi haina kosa. Ulitumia shata ya kielektroniki, ambayo kwenye bodi nyingi husoma sensa mstari kwa mstari. Panga linazunguka kabla usomaji haujafika chini. Rudi kwenye shata ya mitambo. Sensa za kusoma haraka sana, kama za Z8 na Z9, hupunguza tatizo hili karibu lote.

## Hewa, jua na mahali

12. Picha za mchana zinatetema hata kwa lenzi ya gharama. Kwa nini?

Lami ya njia ya kurukia na mabati ya nyumba hupata joto, hewa ya juu yake inapanda kwa mawimbi, na kila wimbi linapinda mwanga. Hayo ni mazigazi. Lenzi ndefu inayakuza pamoja na ndege, ndiyo maana mwenye 600 hulalamika kuliko mwenye 300.

Piga kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi, na kuanzia saa 10 jioni. Ukilazimika kupiga saa 6 mchana, subiri ndege iliyo hewani na karibu nawe, na uache iliyo chini upande wa pili wa uwanja. Tena mwezi Machi mwanzoni na Oktoba jua la Dar linapita karibu kabisa juu ya kichwa, na tumbo la ndege linakuwa jeusi. Bodi ya bei gani italiangaza?

13. Nisimame upande gani?

Njia kuu ya JNIA, 05/23, inaelekea kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, ina urefu wa mita 3,000. Asubuhi jua linaangaza ubavu wa kusini-mashariki, alasiri ubavu wa kaskazini-magharibi. Ndege hutua na kupaa zikikabili upepo, kwa hiyo kipindi cha kaskazi tegemea zielekee kaskazini-mashariki. Angalia upepo kabla ya kupanda daladala.

Kuhusu ruhusa: uwanja wa ndege ni eneo la ulinzi, na eneo la jeshi liko jirani. Usielekeze lenzi kwenye majengo, magari au ndege za jeshi, usikaribie uzio, na askari akikuuliza onyesha picha bila ubishi. Kupiga ndani ya uwanja kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Lenzi ya kilo mbili inavuta macho kuliko 70-300, na hilo nalo ni sababu halali ya kuchagua ndogo.

14. Nizuieje kuvu na umande kwenye lenzi?

Unyevu wa Dar unazidi asilimia 70 siku nyingi, na kuvu hustawi hapo. Weka lenzi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira pamoja na pakiti za silika na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni. Mchele usitumie, una vumbi. Mkoba wa ngozi ndio kitalu cha kuvu.

Ukitoka kwenye chumba chenye AC, acha begi limefungwa dakika 20 hadi 30 nje kabla ya kulifungua, la sivyo kioo kinalowa umande papo hapo.

## Mambo ya pembeni

15. Nikinunua iliyotumika nikague nini?

Lenzi: washa tochi ya simu upande wa nyuma, ufungue tundu lote, uchungulie kutoka mbele. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Iache hata kama bei inashawishi. Vumbi kidogo halina madhara. Kisha fokasi mara kumi kati ya kitu cha karibu na cha mbali, na usikilize kizuia mtikisiko: mvumo mdogo ni kawaida, kugongagonga si kawaida.

Bodi: piga ukuta mweupe au anga kwa f/16, ukuze uone madoa ya sensa. Uliza idadi ya shata. Jaribu kupiga mfululizo mpaka bafa ijae, na ukague sehemu za betri na kadi kama zina kutu.

16. Nataka ndege za usiku. Hapo bodi inashinda?

Kwa ndege iliyosimama, stendi ya miguu mitatu inashinda vyote viwili: ISO 100, f/8, sekunde kadhaa, kizuia mtikisiko kimezimwa. Kwa ndege inayotembea baada ya magharibi, ndiyo, sensa kubwa na lenzi ya f/2.8 vyote vinahitajika, na gharama yake ni ya kazi ya kulipwa.

17. Shata gani kwa ndege za pangaboi na helikopta?

Jeti: 1/1000, f/8. Pangaboi ni hesabu. Q400 ikipaa, mapanga yake sita yanazunguka mara 1,020 kwa dakika. Kwa 1/1000 yanasogea nyuzi 6 tu, na ndege inaonekana kama imezima injini angani. Kwa 1/125 yanasogea nyuzi 49 kati ya 60 zinazotenganisha panga na panga: karibu duara zima. ATR 72, kwa mizunguko 1,200, inafika nyuzi 58. Caravan ina mapanga matatu tu, kwa hiyo 1/125 inajaza robo tatu ya nafasi. Helikopta ni taratibu zaidi, rota kuu huzunguka kama mara 400 kwa dakika. Shuka hadi 1/60 ukiweza.

Anza na 1/250, ushuke kadiri mkono unavyozoea kuifuata ndege: miguu imetulia, kiuno ndicho kinachozunguka, na kidole kinabonyeza bila kusimamisha mzunguko. Hapa kizuia mtikisiko kiwe kwenye hali ya kufuata (Mode 2 kwa Canon na Sigma, Sport au Normal kwa Nikon), vinginevyo kinapigana nawe.

18. Nimenunua lenzi niliyoshauriwa na picha bado ni laini. Nimeibiwa?

Pengine bado. Kwanza ondoa filta ya bei rahisi iliyo mbele. Kwenye milimita 300 na zaidi hizo huharibu picha waziwazi. Pili, piga gazeti lililobandikwa ukutani kutoka mita 10, kamera ikiwa kwenye stendi, kizuia kimezimwa, kwa f/8, mara kumi. Fokasi kupitia kitundu cha kuchungulia, kisha rudia kwa skrini ya nyuma ya kamera. Skrini ya nyuma ikitoa picha kali na kitundu kikatoa laini, DSLR yako inahitaji kurekebishwa fokasi ndogo: 7D Mark II, 80D, D7200 na D500 zina menyu hiyo, lakini 2000D na D3500 hazina, na inabidi fundi. Zote mbili zikiwa laini, au upande mmoja wa gazeti ukiwa mkali na mwingine umefifia, kuna kioo kilichohama ndani ya lenzi. Irudishe ndani ya siku mlizokubaliana na muuzaji, ukiwa na picha hizo za gazeti kama ushahidi.